Kubeba na Kushika

Hokororo aliliingiza gari gerejini kinyumenyume,
tairi za nyuma zikinitazama
kama mtu anayeonyesha jeraha kabla ya salamu.
"Ng'oa," akasema. "Yote. Kushoto na kulia."

Nikalala juu ya gunia, tochi mdomoni.
Majani saba kila upande, la juu refu, la chini fupi,
yubolti zimeota kutu ya misimu,
vumbi jekundu la Newala limeganda katikati
kama ukoko wa ugali wa muhogo.
Haya ndiyo yaliyoleta korosho kutoka Mnyambe,
magunia kumi na mawili, na mtu juu ya magunia,
na kuku wa yule mtu.

"Bado yana maisha," nikamwambia.
"Tubadili bushi, nikuongezee jani la nane, uende zako."
Akatikisa kichwa.
"Sibebi korosho tena. Nambeba Somoe."

Nikanyamaza, maana mtaa mzima unajua:
mwaka juzi, mwezi wa kumi, shimo la Kitangari,
gari tupu likirudi kutoka ghalani,
yeye kwenye usukani, mkewe nyuma, ukingoni mwa bodi,
akihesabu kwa vidole deni la salfa.
Jani halijui deni. Limezoea tani;
likikosa tani, hurusha.
Lilimrusha.

"Ndanda kila Jumatano ya pili," akasema,
"na kila tuta la njiani analijua kwa jina."

Nikamchorea kwa chaki sakafuni.
Jani lina kazi mbili: hubeba, na hushika.
Ekseli inakaa mahali pake kwa kuwa jani limeikumbatia.
Hii koili yako, shokapu tumboni mwake,
laini, inang'aa, imetoka Dar ndani ya boksi,
inabeba tu. Haishiki.
Ukiiweka peke yake difu litatangatanga chini ya gari
kama mgeni aliyenyimwa mkeka.
Lazima nichonge mikono minne ya bomba nene,
na wa tano wa kukingama, lisiyumbe kando.

Akaitazama chaki muda mrefu.
"Kumbe kubeba hakutoshi."
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta futi kamba.

Siku tisa.
Umeme ulikatika mara nne,
mashine ya kuchomelea ikalala, nami nikalala kando yake.
Chitanda, kijana wangu, akaunguza kidole.
Mkono wa kwanza ulitoka mfupi kwa upana wa kucha;
nikaukata, nikaurudia,
nikalitukana bomba kwa Kimakonde
maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.
Na springi zilipoanguka sakafuni zililia,
ngeee, mlio mrefu, safi,
hata muuza kahawa ng'ambo akageuka.

Siku ya kumi tukamleta Somoe, na mito miwili.
Mimi nyuma, nikisikiliza vyuma.
Tuta la kwanza: gari likainama, likainuka,
kama mtu anayeswali bila haraka.
Tuta la pili. Hokororo ameuma meno,
mwendo wa mkokoteni.
Somoe kimya. Nikauogopa ukimya ule kuliko kelele.
Kisha: "We Hokororo, tunazika? Kanyaga mafuta!"

Tuliporudi akaomba jani moja.
"Lile lililonirusha."
Kumi na manne yameegemea ukuta, nani alijue?
Mhunzi alikwisha kuyawekea bei, ayafue mapanga.
Nikachagua refu, la juu, nikasema ndilo.
Fundi naye hudanganya, ingawa si kila siku.

Sasa linaning'inia dirishani kwake kwa waya wa breki.
Ukipita saa kumi jioni ukasikia ngeee,
usidhani shule inafungwa.
Ni Somoe, anataka chai,
na Hokororo anatupa jembe, anakimbia.
Analipiga kwa spana yangu namba kumi na saba.
Hajanirudishia.